Taji halisi la mfalme wa Misri ya kale liko wapi?

Swali: Mimi ni mwalimu wa historia katika shule moja ya sekondari mkoani Morogoro. Niliwaonyesha wanafunzi wangu picha za wafalme wa Misri ya kale, na mmoja wao akauliza kwa nini mfalme yuleyule katika picha hii amevaa kitu kirefu cheupe, katika ile kimekuwa chekundu, katika nyingine cha buluu, na kwenye barakoa ya dhahabu ya Tutankhamun ni kitambaa cha mistari. Alitaka kujua ni lipi lililokuwa taji halisi, na limehifadhiwa katika makumbusho gani. Nilimwahidi kumletea jibu, nami mpaka leo sijalipata.

Jibu: Mwalimu, nianze na sehemu ya mwisho ya swali, kwa kuwa jibu lake ni fupi na ndilo litakalomshangaza zaidi mwanafunzi wako. Hakuna makumbusho yoyote duniani yenye taji hilo. Makaburi ya wafalme wa Misri yamechimbwa na kupekuliwa kwa zaidi ya miaka 200, lakini halijapatikana hata taji moja, liwe jeupe, jekundu, la pamoja au la buluu. Tunayoyajua kuhusu mataji haya tumeyapata kwenye michongo ya mahekalu, kwenye sanamu, kwenye michoro ya makaburi na kwenye maandishi. Tunawasoma wafalme hawa kama mtu anayejifunza mavazi ya harusi kwa kutazama albamu ya picha, bila kuwahi kuigusa nguo yenyewe.

Kabla sijaendelea, niseme kwamba nitatumia neno mfalme badala ya Firauni. Sababu moja ni kwamba katika Kiswahili chetu neno firauni limekwisha kuwa tusi, na ya pili ni kwamba neno la Kimisri lililozaa jina hilo, per-aa, lilikuwa na maana ya nyumba kubwa, yaani ikulu, na lilianza kumtaja mfalme mwenyewe baadaye sana, wakati wa Ufalme Mpya, kipindi kilichoanza karne ya 16 K.K.

Ukitaka kuona jinsi ukosefu huu wa mataji ulivyo wa ajabu, litazame kaburi la Tutankhamun, ambalo Howard Carter alilifikia mwezi Novemba 1922 katika Bonde la Wafalme. Mlikuwa na vitu zaidi ya 5,000. Mlikuwa na magari sita ya kukokotwa na farasi, bakora na fimbo zaidi ya 100, viatu, mikate, mitungi ya mvinyo, na hata nguo za ndani za kitani zilizokunjwa. Mlikuwa na fimbo ya mchungaji na mjeledi, vile vitu viwili ambavyo mfalme huonekana amevishika kifuani. Taji halikuwamo. Mwaka 1940 Mfaransa Pierre Montet alifungua kaburi la Psusennes wa Kwanza huko Tanis, katika delta ya Nile, kaburi ambalo wezi hawakuwahi kulifikia. Alikuta jeneza la fedha na barakoa ya dhahabu, lakini huko nako taji halikuwapo.

Wezi wenyewe wanatoa ushahidi wa namna hiyohiyo. Mnamo mwaka wa 16 wa utawala wa Ramesses wa Tisa, takriban 1110 K.K., mchonga mawe mmoja wa Thebes aitwaye Amunpanufer alikamatwa pamoja na wenzake, na maelezo yake mbele ya waliomhoji yameandikwa kwenye mafunjo yaliyopo hadi leo. Anaeleza jinsi walivyotoboa njia hadi kwenye piramidi la mfalme Sobekemsaf, wakamkuta mfalme amelala, shingoni ana hirizi na mapambo mengi ya dhahabu, na usoni ana barakoa ya dhahabu. Walivua kila kitu, wakachoma majeneza moto, wakagawana dhahabu ya uzito wa debeni 160, ambazo ni zaidi ya kilo 14. Mtu anayekiri kwa undani wa namna hiyo, mpaka kutaja mgao wa kila mmoja, angelisahau taji la mfalme? Sidhani.

Wako wanaosema mataji yalioza kwa sababu yalitengenezwa kwa ngozi, kwa kitani kilichotiwa ugumu, au kwa matete yaliyosukwa. Kuhusu malighafi, maoni hayo yana uzito, kwani ukilitazama taji jekundu katika michongo ya zamani, baadhi yake yana mistari inayofanana na msuko wa kikapu. (Sisi tunaosema mtu amevishwa kilemba cha ukoka tukimaanisha amesifiwa uongo tungepata tabu kidogo Misri, ambako huenda ukoka ndio uliokuwa ufalme wenyewe.) Lakini kuoza peke yake hakutoshi kuwa sababu. Jangwa la Misri limetuhifadhia vikapu, viatu vya mafunjo na mashuka ya kitani ya miaka 3,000 na zaidi, na nguo za ndani za Tutankhamun zimedumu. Kofia ya matete nayo ingedumu. Mimi nipo upande wa wale wanaoona kwamba mataji hayakuzikwa kwa sababu hayakuwa mali ya mtu, yalikuwa mali ya kiti. Mfalme alipokufa alizikwa na bakora zake na viatu vyake, na taji likamsubiri aliyefuata.

Sasa turudi kwenye rangi. Taji jeupe, ambalo Wamisri waliliita hedjet, yaani "lile jeupe", ni refu, jembamba, limefanana na kibuyu kilichosimamishwa wima ambacho ncha yake imeishia kwenye kifundo cha mviringo. Lilikuwa taji la Misri ya Juu. Taji jekundu, deshret, ni bapa juu, nyuma limepanda kama kiegemeo cha kiti, na kwa mbele unachomoza ufito mwembamba uliojikunja ncha kama ulimi wa kipepeo. Hilo lilikuwa la Misri ya Chini. Wanafunzi wengi huchanganyikiwa hapa wakitazama ramani, kwa kuwa Misri ya Juu ni ya kusini na Misri ya Chini ni ya kaskazini. Waambie wafuate maji. Nile Nyeupe inatoka Ziwa Victoria, huku kwetu, na kuteremka kuelekea kaskazini mpaka Bahari ya Mediterania, kwa hiyo aliye kusini ndiye aliye juu ya mto.

Mfano bora wa kuwaonyesha darasani ni kibao cha mfalme Narmer. Ni jiwe bapa la rangi ya kijani iliyokolea, lenye urefu wa takriban sentimita 64, lililochimbuliwa na Waingereza James Quibell na Frederick Green katika msimu wa 1897 na 1898 huko Nekhen, mji ambao Wagiriki waliuita Hierakonpolis. Kina umri wa takriban miaka 5,100. Upande mmoja Narmer amevaa taji jeupe. Mkono wa kulia ameuinua juu akiwa na rungu, na kwa mkono wa kushoto amemshika nywele adui aliyepiga magoti, huku nyuma yake mtumishi amesimama na viatu vya mfalme mkononi. Geuza kibao, na Narmer yuleyule sasa amevaa taji jekundu. Anatembea nyuma ya watu waliobeba bendera kwenda kukagua maiti kumi zilizopangwa safu mbili, kila moja ikiwa imekatwa kichwa na kichwa hicho kimewekwa katikati ya miguu. Jiwe moja, mtu mmoja, mataji mawili. Kwa muda mrefu vitabu vilieleza kwamba kibao hiki ni taarifa ya habari, kwamba mfalme wa kusini aliiteka kaskazini siku fulani na kulitwaa taji lake.

Mimi huwa nawatahadharisha wanafunzi wangu wasikimbilie maelezo hayo. Picha ya zamani kuliko zote ya taji jekundu imo kwenye kigae cha chungu kilichopatikana Naqada, na Naqada iko kusini, ndani ya Misri ya Juu, mamia ya kilomita kutoka delta. Kigae hicho ni cha karne nyingi kabla ya Narmer kuzaliwa. Taji jeupe nalo linaonekana kwenye chetezo cha jiwe kilichochimbuliwa Qustul, katika Nubia, kusini kabisa mwa mipaka ya Misri ya wakati huo, ambapo mtu aliyelivaa ameketi ndani ya mashua. Kwa hiyo ule mgawanyo safi wa nyeupe kusini na nyekundu kaskazini tunaoukuta vitabuni unaelekea kuwa ulipangwa na wafalme wenyewe baada ya nchi kuwa moja. Walihitaji hadithi ya nchi mbili zilizoshikwa na mkono mmoja, wakachukua mataji mawili yaliyokuwapo na kuyapa kila moja nchi yake.

Hadithi hiyo ilipokomaa, mataji yaliunganishwa. Jeupe liliingizwa ndani ya jekundu, likapatikana taji la pamoja ambalo Wamisri waliliita sekhemty, "wawili wenye nguvu". Miongoni mwa ushahidi wake wa mwanzo ni kibandiko kidogo cha mpingo kutoka kaburi la mfalme Den huko Abydos, kilichokuwa kimefungwa kwenye mtungi wa mafuta na sasa kiko katika Makumbusho ya Uingereza. Den ameonyeshwa ameketi kwenye kibanda cha sherehe, kisha ameonyeshwa tena akikimbia kati ya mawe ya mpaka, kuthibitisha kwamba nguvu zake bado zipo. Hata hivyo, mataji mawili ya awali hayakuachwa. Kwenye kizingiti cha hekalu la Medamud, mfalme Senusret wa Tatu amechongwa mara mbili, mgongo kwa mgongo, akiwa kwenye viti viwili vya jubilei, yaani sherehe ya kuuhuisha ufalme wake. Upande mmoja ana taji jeupe, upande wa pili jekundu. Mchongaji angeweza kumvika taji la pamoja na kumaliza kazi kwa picha moja, lakini sherehe yenyewe ilitaka mfalme akae mara mbili, awe mfalme wa huku na mfalme wa kule.

Hapo ndipo penye jibu la sehemu ya kwanza ya swali la mwanafunzi wako. Sisi tumezoea taji la aina ya Ulaya, ambalo ni kitu kimoja cha thamani anachovikwa mtu siku moja, na kuanzia hapo ndilo taji lake. Mfalme wa Misri alibadilisha kivazi cha kichwani kulingana na jambo alilokuwa anatenda na mahali alipokuwa analitenda. Mchongaji alipoamua kumvika jeupe, alikuwa anaandika neno. Na sisemi hivi kwa mafumbo, kwani mataji haya ni herufi kweli katika maandishi ya Kimisri, na alama ya taji jekundu ilitumika hata kuandika sauti ya n katika maneno yasiyohusiana kabisa na ufalme.

Lugha yenyewe inatusaidia zaidi. Neno la Kimisri kwa mataji ni khau, na linatokana na kitenzi kha, ambacho ni kuchomoza kama jua linavyochomoza. Alama yake ni kilima chenye miale ya jua juu yake. Kitenzi hichohicho ndicho kilichotumika mfalme alipojitokeza mbele ya watu, na pia alipoketi kwenye kiti cha ufalme kwa mara ya kwanza. Wamisri wangesema mfalme amechomoza, na mataji yake ni machomozo yake. Jua la asubuhi, la adhuhuri na la magharibi ni moja, ingawa halina sura moja.

Tena mataji yalikuwa na uhai. Jeupe lilikuwa mwili wa Nekhbet, mungu wa kike wa mji wa Nekheb kusini, ambaye umbo lake ni tumbusi. Jekundu lilikuwa la Wadjet wa Buto, katika delta, ambaye umbo lake ni fira aliyefura shingo. Mabibi hao wawili walikuwa sehemu ya majina rasmi ya kila mfalme, na yule fira ndiye unayemwona kwenye paji la uso karibu katika kila picha, akiwatemea moto maadui. Katika maandishi yaliyochongwa ndani ya piramidi la mfalme Unas huko Saqqara, takriban 2350 K.K., kuna wimbo unaosema kwamba mfalme amelila Jekundu, na nguvu zake zikaingia tumboni mwake. Fira mmoja wa namna hiyo tunaye kwa dhahabu halisi. Alipatikana mwaka 1920 katika piramidi la Senusret wa Pili huko Lahun, ana kimo cha sentimita 6.7, na kichwa chake ni cha jiwe la buluu la lapis lazuli. Alikuwa ameshikizwa kwenye kivazi cha kichwani. Kivazi hakipo.

Kile kitambaa cha mistari ambacho wanafunzi wako wamekiona kwenye barakoa ya Tutankhamun kinaitwa nemes. Kilikuwa kilemba cha kitani kilichobana paji la uso, kikapita nyuma ya masikio, kikateremka pande mbili hadi kifuani, na mgongoni kikakusanywa kama mkia uliosukwa. Sanamu ya zamani kuliko zote inayokionyesha ni ya mfalme Djoser, iliyokutwa Saqqara ndani ya chumba kidogo kilichozibwa, ameketi akichungulia nje kupitia matundu mawili ya ukutani. Sphinx wa Giza amekivaa pia. Kwenye barakoa ya Tutankhamun, ambayo ina uzito wa zaidi ya kilo 10, mistari ya buluu ni ya kioo na ile ya njano ni dhahabu yenyewe, na hapo ndipo kosa moja la kawaida linapozaliwa. Watu hudhani nemes ilikuwa kofia ya dhahabu, kumbe fundi alikuwa anaiga nguo. Nemes iliweza pia kuvaliwa chini ya taji, kama walivyo Ramesses wanne wa jiwe wenye urefu wa takriban mita 20 mlangoni pa Abu Simbel, ambao wana nemes na juu yake taji la pamoja. Lilikuwapo vilevile shuka la kichwani lisilo na mikunjo ya mistari, likiangukia mgongoni kama mfuko, liitwalo khat. Mlangoni pa chumba alimozikwa Tutankhamun walisimama walinzi wawili wa mbao iliyopakwa rangi nyeusi na dhahabu, wote wawili wakiwa na sura yake, mmoja na nemes, mwenzake na khat.

Taji la buluu, khepresh, ni geni likilinganishwa na hayo. Jina lake linaanza kusikika katika kipindi kilichotangulia Ufalme Mpya, na linaenea kuanzia karne ya 16 K.K. Ni kofia iliyotuna pande mbili kama mbavu za mashua, imejaa viduara vidogo, na fira amejiviringa mbele yake. Kwa kuwa Ramesses wa Pili amelivaa akiwa kwenye gari la vita katika michongo ya mapigano ya Kadesh ya 1274 K.K., watu wa karne ya 19 waliliita taji la vita, na jina hilo limeng'ang'ania vitabuni kama kupe. Halifai. Kwenye kilele cha nguzo ya jiwe ya Hatshepsut iliyolala kando ya ziwa takatifu la Karnak, Hatshepsut amepiga magoti mbele ya mungu Amun, naye Amun anamvika taji hilohilo la buluu, na hapo hapana vita yoyote. Maandishi ya Horemheb kuhusu kutawazwa kwake, yaliyoko Turin, nayo yanalitaja khepresh katika sherehe hiyo.

Mfano unaonivutia kuliko yote umo ndani ya kaburi la Tutankhamun lenyewe, kwenye ukuta wa kaskazini wa chumba cha mazishi. Upande wa kulia Tutankhamun amesimama amefungwa sanda, ameshakuwa Osiris, mfalme wa wafu. Mbele yake yupo mtu mwenye ngozi ya chui mabegani, ameshika kifaa cha kumfungua marehemu kinywa ili aweze kula na kusema akhera. Kazi hiyo ilikuwa ya mtoto wa marehemu. Tutankhamun, aliyekufa akiwa na umri wa karibu miaka 19, hakuacha mtoto, na mtu huyo ni Ay, mzee wa baraza lake. Kichwani amevaa taji la buluu, na jina lake limezungushiwa duara la kifalme. Yaani kabla mlango wa kaburi haujafungwa, mchoraji alikuwa ameshatangaza nani anayeketi kwenye kiti. Hakuandika hoja wala nasaba. Alichora kofia tu.

Kwa upande wa wanawake nitapita haraka. Wake wa wafalme walikuwa na chao, kofia yenye umbo la tumbusi aliyetandaza mabawa pande mbili za uso, ambayo Cleopatra wa Saba bado ameivaa kwenye ukuta wa nyuma wa hekalu la Dendera. Nefertiti alipenda lile taji refu la buluu lililokatwa bapa juu, tunalolijua kwa sanamu ya kichwa chake iliyochimbuliwa Amarna tarehe 6 Desemba 1912 na sasa iko Berlin. Hatshepsut ni suala jingine, maana yeye alitawala kama mfalme na hivyo alivaa nemes, khat na mataji yote ya wanaume.

Wafalme wa Kushi, waliotoka katika nchi ambayo leo ni Sudan na kuitawala Misri katika karne ya nane na ya saba K.K., wanastahili nafasi zaidi ya wanayopewa vitabuni. Piye, Shabaka na Taharqa walipendelea kofia iliyobana kichwa, na mbele yake walisimamisha fira wawili pale ambapo Wamisri waliweka mmoja. Shingoni walivaa vichwa vidogo vya kondoo dume, alama ya Amun wao wa Jebel Barkal. Mwaka 593 K.K. mfalme Psamtik wa Pili wa Misri alituma jeshi Kushi, na ndani ya Misri majina ya wafalme hao yakaanza kufutwa kwenye kuta. Mafundi waliofuta majina walikuwa makini kwa namna ya kuogofya, kwani mahali pengi hawakuvunja uso wa mfalme, walitoa patasi na kumkwangua fira mmoja tu. Aliyebaki ni mfalme wa kawaida wa Misri. Sanamu saba za wafalme wa Kushi zilizopatikana mwaka 2003 zikiwa vipande vipande ndani ya shimo huko Dukki Gel, karibu na Kerma, huhusishwa na msafara huohuo wa kijeshi.

Kuna maandishi moja yanayotaja mataji kama vitu vya kushikika, nayo yako kwenye jiwe maarufu la Rosetta la mwaka 196 K.K. Makuhani waliamuru kwamba kibanda kitakatifu cha Ptolemy wa Tano kipambwe juu yake kwa mataji kumi ya dhahabu yenye fira, na katikati yake liwekwe lile alilovaa alipoingia hekaluni Memfisi kutawazwa. Mwandishi wa Kigiriki alilisikia jina la Kimisri la taji la pamoja, akaliandika kwa masikio yake kuwa pschent, na mpaka leo wataalamu wa Ulaya wanaliita hivyo. Lakini hayo kumi yalikuwa mapambo ya paa la kibanda, na yenyewe pia hayajapatikana.

Basi mwanafunzi wako akikubana kwamba lazima kuwe na kitu fulani kilichokaa kwenye kichwa cha mfalme na ambacho tunaweza kukitazama, mpe majibu mawili. La kwanza liko Leiden, Uholanzi, nalo ni utepe wa kichwani wa fedha wenye fira, unaohusishwa na mfalme mmoja aitwaye Intef wa karne ya 17 au ya 16 K.K. La pili ni la Tutankhamun, na hazina yake yote sasa imehamishiwa katika Makumbusho Makuu ya Misri karibu na piramidi za Giza. Carter alipoyafungua matabaka ya kitani yaliyofunga kichwa cha mfalme alikuta utepe wa dhahabu uliopambwa kwa viduara vya akiki nyekundu, wenye fundo na riboni nyuma, na chini yake zaidi, juu ya ngozi ya kichwa, kofia nyepesi ya kitani iliyotungwa ushanga mdogo wa dhahabu na wa buluu. Huo utepe ulivaliwa kushika wigi, na ndio uliotukaribia zaidi. Mbele yake palikuwa na vipachiko vitupu. Tumbusi na fira walikuwa wamechomolewa na kuwekwa miguuni, ndani ya sanda, tumbusi kwenye paja la kulia na fira kwenye paja la kushoto. Mfalme alikuwa amelazwa chali, kichwa magharibi na miguu mashariki. Mwambie mwanafunzi wako alale hivyo sakafuni, anyooshe mikono pembeni, na aone ni mkono upi unaoelekea kusini na upi kaskazini.